Ushuhuda wa Vipele

Shemeji yangu Méthode alianza kuitwa Dokta mwezi wa sita, baada ya semina ya siku tatu. Kabla ya hapo aliuza chaja za simu karibu na stendi, na kabla ya chaja alikuwa wakala wa mbegu za alizeti ambazo mpaka leo hazijaota. Semina ilifanyika kwenye ukumbi wa kukodi hapa hapa Mpanda. Walipewa soda, kalamu, beji yenye jina, na kopo la unga wa kijani unaotibu kisukari, presha, ugumba, vidonda vya tumbo na, kama nilimsikia vizuri, mikosi. Siku ya tatu jioni akatoka Dokta. Mimi ushonaji nilijifunza miaka miwili na bado kola zinanisumbua.

Naitwa Odeta. Nashona nguo hapa Majengo, barazani kwangu, na mume wangu Arcade, mdogo wake Méthode, ni dereva wa lori la mpunga. Tuna mtoto mmoja, Wema, wa miaka mitano, anayesoma chekechea. Na huyo Wema ndiye aliyerudi Jumatatu moja ya mwezi wa kumi, jua likiwa linaunguza mpaka kuku wamejificha, akijikuna tumbo kwa mikono yote miwili.

Nikamfunua gauni. Vipele vilikuwa kama saba hivi, vingine vyekundu tu, viwili vina maji juu kama tone la umande. Kufikia jioni vilikuwa vimepanda mgongoni na shingoni, na mwili ulikuwa wa moto. Kesho yake asubuhi nikamfunga mgongoni, mkubwa hivyo hivyo, nikaenda naye zahanati.

Nesi aliyetupokea ni mama mmoja wa makamo, Sista Pudensiana, mtu asiyecheka ovyo. Alimtazama Wema kwapani, mdomoni na nyuma ya masikio, akarudi kukaa.

"Tetekuwanga," akasema. "Chekechea yenu nzima inayo. Hii haina sindano, mama, itaisha yenyewe. Kazi yako ni kumpunguzia mwasho asijichune. Mkate kucha leo hii, fupi kabisa. Muogeshe maji ya vuguvugu asubuhi na jioni, umkaushe kwa kumgusagusa, usimsugue. Ukimaliza mpake hii." Akanipa chupa ya dawa ya kupaka, rangi ya waridi. "Avae nguo nyepesi, anywe maji na uji. Homa ikipanda, mpe paracetamol ya maji kwa kipimo hiki. Aspirini usimpe hata kipande."

"Nikiona nini nimrudishe?"

"Akihema haraka, akilegea, akitapika sana, au kipele kikivimba na kuwa chekundu pembeni. Na asikae na wajawazito mpaka vyote vikauke vifanye magamba."

Basi. Dakika kumi, na nilikuwa nimeelewa kila kitu. Tukarudi nyumbani, nikamkata kucha akilalamika kwamba sasa hataweza kumenya chungwa, nikamuogesha kwenye beseni, nikampaka ile dawa kwa pamba, kipele kwa kipele. Akatoka na madoa ya waridi mwili mzima. Alijitazama kwenye kioo akaomba na mwanasesere wake apakwe, nikampaka. Siku hiyo alikula ugali, akalala mchana bila kilio. Ningekuwa na ukoo wa watu wenye shughuli zao, habari hii ingeishia hapo.

Lakini Arcade alipiga simu kutoka Kibaoni, alikokuwa akisubiri kupakia mzigo.

"Nimemwambia kaka apite," akasema.

"Apite kufanya nini? Sista ameshamuona."

"Sawa, ila si unajua kaka ni dokta?"

Mwanaume mwenye akili timamu, anayejua kusikia kwa sauti ya injini tu kwamba bomba la mafuta limeziba, anasema sentensi kama hiyo mchana kweupe.

Alikuja Jumatano. Alikuja na pikipiki, nyuma amempakia mama yao, mabukwe wangu, Bibi Apollinarie, aliyemtoa shambani Kabungu. Méthode alikuwa amevaa koti jeupe. Si koti la hospitali. Ni lile refu la wauza nyama buchani, ila jipya, na mikunjo ya dukani bado ilikuwa inaonekana kifuani. Beji juu yake. Mkononi mkoba mweusi ambao ndani mlikuwa na makopo manne ya unga na hakuna kingine.

"Mgonjwa yuko wapi?" akauliza, kana kwamba nyumba yangu ina wodi tatu.

Akamkalisha Wema kwenye kigoda, akamwashia tochi ya simu kinywani, akamgeuza viganja. Akatikisa kichwa taratibu kwa huzuni kubwa.

"Sumu," akasema. "Damu imechafuka. Nani amempaka haya marangi?"

"Sista wa zahanati. Ni tetekuwanga, shemeji. Na inaambukiza. Wewe uliugua utotoni?"

"Mimi?" Akacheka. "Mwili wangu umejengwa. Tangu mwezi wa sita sijapata hata mafua."

Ili kunionyesha, akampakata mtoto, shavu kwa shavu, akanipa simu nimpige picha. Kisha akachukua simu akampiga Wema peke yake, tumbo wazi, mgongo wazi, uso.

"Za nini hizo?"

"Za faili."

Sikujua kwamba ana faili. Nilidhani mwenye faili ana kabati.

Masharti yake yalikuwa haya: maji yasimguse mtoto kwa siku saba, afunikwe blanketi na dirisha lifungwe ili sumu itoke yote, anywe unga wa kijani vijiko vitatu kabla ya kula, na apakwe huo huo unga uliochanganywa na mafuta ya kupikia. Nilikuwa tayari kumwonyesha mlango. Lakini mabukwe akanishika mkono.

"Mama Wema," akasema, "maji hapana. Vipele vikiguswa na maji vinarudi ndani. Vikirudi ndani mtoto anakufa. Nakuomba."

Alinishika kwa mikono yote miwili. Sikuuliza kwa nini. Nilidhani ni uzee na mapenzi ya kumpamba mwanae Dokta. Nikampigia Arcade, nikitegemea atanitetea.

"Wasikilize wakubwa," akasema. "Siku mbili tatu tu, kuna ubaya gani?"

Nawadharau wengi katika habari hii, na kwa siku ile najiweka mimi mbele ya wote. Nilikuwa na maneno ya Sista kichwani, neno kwa neno, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu mtoto akilala kwa raha. Nikawapisha watu wawili kwa sababu mmoja alikuwa na koti na mwingine ni mkwe. Nikafunga dirisha kwa mkono wangu.

Nyumba yetu ni ya bati, haina dari. Mwezi wa kumi, saa saba mchana, chumba kile ukiacha mshumaa juu ya meza unapinda. Ndani ya chumba hicho tulimlaza Wema chini ya blanketi, amepakwa uji wa kijani wenye harufu ya nyasi zilizolowa. Unga aliounywa aliutapika. Ule wa mwilini ulikauka, ukapasuka, ukavuta ngozi. Jasho likapita katikati. Mtoto alilia mpaka sauti ikaisha, halafu akaendelea kulia bila sauti, mdomo wazi tu. Kwa kuwa kucha nilishamkata, alijisugua mgongo ukutani kama ndama.

"Inatoka," Méthode akasema kwenye simu nilipompigia. "Sumu inatoka. Msimwonee huruma."

Alhamisi asubuhi nilikuta damu kwenye mto. Kipele kimoja juu ya nyusi kilikuwa kimechunika chote. Mabukwe alikuwa amekaa kitandani, anampepea kwa kipande cha boksi, macho mekundu. Hakuwa amelala. Lakini nilipogusa tu ndoo, akasimama.

Mchana wake akaja Helena, jirani yangu anayeuza dagaa. Alibaki barazani, akaniita kwa mkono, akanipa simu yake.

Ilikuwa picha ya Wema, tumbo wazi, na vipele vyake vyote. Juu yake imeandikwa KABLA. Pembeni yake kulikuwa na picha nyingine ya Wema, amevaa gauni jeupe lenye riboni, anacheka, ngozi inang'aa. Juu imeandikwa BAADA YA SAA ISHIRINI NA NNE TU. Gauni lile nililishona mimi. Ni la Krismasi ya mwaka jana. Chini kulikuwa na jina la Dokta Méthode na namba yake ya simu.

"Inazunguka kwenye magrupu yote," Helena akasema. "Hata kanisani kwetu wametumiwa. Wanasema mtoto amepona. Amepona kweli?"

Wema wa baada ya saa ishirini na nne alikuwa ndani, anajisugua ukutani.

Sijui nilimrudishia Helena simu yake au niliiweka wapi. Nakumbuka nilifungua dirisha kwa nguvu mpaka komeo likakatika. Nilivua blanketi nikalitupa uani. Nikaweka maji ya moto kwenye beseni, nikaongeza ya baridi, nikapima kwa kiwiko kama nilivyokuwa nikifanya Wema alipokuwa mchanga. Nilipogeuka kumchukua mtoto, mabukwe alikuwa amesimama mlangoni, amenyoosha mikono ameshika miimo yote miwili.

"Hupiti."

"Mabukwe, nipishe."

"Nilimuogesha Amosi," akasema. "Nilimuogesha kwa mikono hii. Asubuhi nilimuogesha, jioni akafa."

Nilikuwa na miaka saba katika ukoo ule na sijawahi kusikia jina la Amosi. Nikaweka beseni chini. Akanieleza akiwa amesimama vile vile, mikono bado kwenye miimo. Ilikuwa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi, mwaka wa tano tangu wafike kutoka Burundi, yeye binti wa miaka ishirini. Amosi alikuwa mtoto wake wa kwanza, hajafika miaka mitatu. Akapata homa, macho mekundu, kikohozi, kisha vipele vidogo vidogo mwili mzima, na nyumba tano jirani watoto walikuwa hivyo hivyo. Homa ilikuwa kali, naye akamuogesha maji ya kisimani ili apoe. Mama mkwe wake alimkuta akifanya hivyo. Jioni mtoto alipokata roho, mama mkwe alisema mbele ya waombolezaji wote: huyu amemuua mwanae kwa maji. Zaidi ya miaka arobaini, na hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Hapo dharau yote iliniishia, kwake yeye. Kwa yule mama mkwe aliyesema maneno yale sina la kusema, amekufa. Ila laiti angekuwa hai.

"Mabukwe," nikasema, "ile ilikuwa surua. Macho mekundu, kikohozi, watoto wa nyumba tano. Surua inaingia kwenye mapafu, inaua. Wale watoto wengine, hawakufa?"

"Watatu walikufa."

"Mama zao waliwaogesha?"

Wema alikuwa akikwaruza ukuta nyuma yake.

"Hapana," akasema. "Waliwafunika."

"Basi haikuwa maji."

Alishusha mkono mmoja, kisha wa pili. Nikampitia, nikambeba mtoto, nikamkalisha kwenye beseni uani, kwenye kivuli cha nyumba. Nilimmiminia kwa kikombe, polepole, nikaloweka yale magamba ya kijani mpaka yakaachia yenyewe. Mwanzoni alishtuka kwa sababu ya michubuko. Baadaye akaweka kichwa kwenye ukingo wa beseni akafumba macho. Nilipoinua uso, mabukwe alikuwa amechuchumaa upande wa pili. Akaingiza vidole kwenye maji kuyapima. Halafu akachukua kikombe mkononi mwangu, akaanza kummiminia mjukuu wake mgongoni, machozi yanamtiririka na yeye hayafuti.

Tulimkausha kwa kanga kuukuu iliyolainika. Tulimpaka ile dawa ya waridi, mimi mbele yeye nyuma. Tulimpa paracetamol na uji wa ulezi uliopoa. Alilala kabla hajamaliza kikombe.

Kesho yake nilimrudisha zahanati kwa ajili ya kile kidonda cha nyusi, maana kilikuwa kimevimba. Mabukwe alisema anakuja. Sista Pudensiana alisafisha kidonda, akatupa dawa ya kupaka, akauliza huu ukijani kwenye masikio ya mtoto ni wa nini. Nilimweleza. Alivuta pumzi tu kwa pua, na nikajiona mdogo kuliko mtoto niliyempakata. Kisha mabukwe akamuuliza swali lake, lile la Amosi, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga. Sista aliacha alichokuwa anafanya. Akavuta kiti akakaa mbele yake, akamjibu taratibu. Alimwambia kwamba maji hayajawahi kumuua mtoto wa surua, na kwamba wakati ule chanjo ilikuwa haijawafikia. Foleni ilikuwa ndefu nje na hakuna aliyeharakishwa.

Wema alipona ndani ya siku tisa. Tuliendelea kumuogesha mara mbili kwa siku, na mwasho ukizidi katikati tunamwekea kitambaa chenye maji. Vipele vilikauka, vikaanguka, na kikabaki kishimo kimoja tu, pale juu ya nyusi, zawadi ya Dokta.

Nilimpigia Dokta mwenyewe, nikamwambia afute zile picha.

"Shemeji," akasema kwa sauti ya upole, ile wanayofundishwa kwenye semina, "picha hizo zimeniletea watu kumi na mmoja. Huoni ni baraka? Mtoto wako anaokoa maisha."

"Mtoto wangu alikuwa anajisugua ukutani wakati unaandika amepona."

"Ushuhuda unatangulia, matokeo yanafuata."

Nikakata simu. Kuna watu ukiendelea kuongea nao unajikuta umekuwa mjinga pamoja nao.

Siku ya kumi na sita tangu alipompakata Wema shavu kwa shavu, asubuhi, pikipiki ilisimama nje. Safari hii dereva alikuwa mwingine na Dokta ndiye aliyepakiwa. Alikuwa amejifunika shuka kichwani kama bibi harusi. Akashuka, akashika nguzo ya baraza, akafunua uso.

Nitakuwa mkweli: nilicheka. Nilijaribu kuzuia, ikatokea puani. Vipele vilikuwa kwenye kope, ndani ya masikio, midomoni, kila mahali. Alikuwa anatetemeka kwa homa.

"Providence amenifukuza," akasema. Providence ni mke wake, alikuwa na mimba ya miezi saba, na huyo ndiye mwenye akili katika nyumba ile. Aliwahi kuugua utotoni, lakini alikumbuka niliyomwambia kwa simu kuhusu wajawazito na hakutaka kubahatisha. Alimwekea shuka na mswaki kwenye mfuko, akafunga mlango.

"Koti lako liko wapi?" nikamuuliza.

"Shemeji, nakufa."

"Hufi. Ila watu wazima inawapiga zaidi. Twende kwa Sista kwanza."

Sista alimpeleka kwa daktari, daktari wa kweli, aliyempa vidonge vya kumeza mara tano kwa siku na akamwambia akapumzike. Nikamweka kwenye kile kile chumba cha bati, dirisha wazi. Kabla sijafungua chupa ya dawa nikamwekea simu yake mkononi.

"Futa."

Alifuta. Vidole vilikuwa vinateleza kwenye kioo kwa jasho, lakini alifuta, grupu moja moja, na nilisimama pale mpaka ya mwisho. Akaandika pia kwamba picha ya pili ilikuwa ya zamani. Alitaka kuandika "kwa bahati mbaya". Nikamwambia aitoe.

"Nikukorogee unga wako?" nikamuuliza baadaye. "Vijiko vitatu?"

Akageukia ukutani. "Tumbo langu haliko sawa," akasema.

Mabukwe alitoka tena Kabungu kuja kumuuguza. Sasa ndiye aliyekuwa wa kwanza kuchemsha maji. Alimuogesha mwanae, mwanaume wa miaka arobaini na moja, ameketi kwenye beseni magoti yamegusa kidevu, na kila akimiminiwa maji analalamika. Wema alijipa kazi ya ulinzi. Alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda na kila mkono wa Méthode ukisogea, anapiga kelele.

"Baba mkubwa, usikune!"

"Sikuni, mwanangu, nagusa tu."

"Unakuna! Mama, anakuna! Hajakata kucha!"

Alikatwa kucha. Alilia wakati wa kupakwa dawa mgongoni, kitu ambacho Wema hakukifanya hata siku moja. Wiki mbili nzima alikula uji wangu, alilala chini ya bati langu, na mimi nikiwa kwenye cherehani barazani niliwaambia wateja wake waliokuja kumuuliza kwamba Dokta yupo, wapite wamwone. Wawili walichungulia. Hawakuingia.

Ungedhani mtu akitoka hapo atakaa kimya. Nilidhani hivyo, na hilo linaonyesha kwamba bado sikuwa nimemjua. Mwezi wa kumi na mbili mwanzoni, makovu yakiwa bado meusi usoni, alikuja kumwalika mama yake kwenye mkutano wa kampuni ya ule unga, ukumbini, kiti cha mbele. Mabukwe akaniambia nimsindikize. Tulikwenda. Mbele kulikuwa na spika mbili kubwa, maua ya plastiki na meza ya makopo.

Méthode alipanda jukwaani. Koti lilikuwa limerudi.

"Ndugu zangu, tazameni uso huu," akasema. "Nilipatwa na tetekuwanga kali ya watu wazima. Hospitali walikata tamaa! Familia ikaanza kulia! Ndipo nikakumbuka: nina suluhisho mkobani. Vijiko vitatu asubuhi, vitatu jioni, siku ya nne nikasimama!"

Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa natafuta mkoba wangu niondoke. Nilikuwa nimechoka hata kumdharau. Ndipo nikaona mabukwe amesimama. Ni mama mfupi, na pale mbele hakuna aliyemwona mpaka aliposema.

"Urabesha."

Hakupaza sauti. Wenye asili ya Burundi walikuwa wengi mle ndani, na kicheko kilianzia kwao, kikasambaa kila mtu alipomtafsiria jirani yake: mama yake anamwambia anadanganya.

"Mama, kaa kwanza," Méthode akasema kwenye kipaza sauti.

"Unadanganya," mabukwe akarudia kwa Kiswahili, sasa akiwageukia watu. "Nilimuogesha mimi. Kwa beseni la huyu mke wa mdogo wake. Alimeza vidonge vya daktari mara tano kwa siku na unga huu hakuonja. Mimi nimemzaa na nasema hivi: nyie wenye watoto, akipata vipele nendeni zahanati, mkaambiwe ni nini. Msiwafunike watoto. Msiwafunike!"

Neno la mwisho alilisema kwa sauti iliyopasuka, na wanawake waliokuwa wakicheka wakaacha. Mshereheshaji akawasha muziki haraka. Tukatoka. Watu kama ishirini walitoka nyuma yetu. Waliobaki walikuwa wengi zaidi, sitaki kuwadanganya. Soda zilikuwa hazijagawiwa.

Baada ya hapo Méthode alihamia Kibaoni. Providence hakumfuata, alijifungua salama hapa hapa mjini, mtoto wa kike. Nasikia kule Kibaoni hawamwiti tena Dokta. Wanamwita Profesa.

Arcade, ambaye hakuwa amekanyaga nyumbani tangu Wema augue, alirudi siku tatu kabla ya Krismasi na gunia la mchele, mabukwe akiwa bado kwetu. Alimbeba Wema, akamtazama kile kishimo juu ya nyusi, akakigusa kwa kidole gumba. Nikampakulia chakula. Alikula mpaka nusu ya sahani, nikaona anatafuta maneno, na kwa dakika moja nilimhurumia.

"Kaka alikosea," akasema mwishowe. "Ila na nyie mngenieleza vizuri kwenye simu, nisingekubali."

Nikachukua sahani yake, nusu ya ugali na samaki mzima bado juu yake, nikaenda nayo jikoni, nikakaa na mabukwe tukala.